Shafti au Hauzingi: Nani Anabeba Mzigo wa Pikapu Yako?

Mhadhara kwa mafundi na madereva, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Pikapu nyingi zinazobeba mawe ya Amboni au machungwa ya Muheza zimeongezwa majani ya springi. Mkia ukinyanyuka, mwenye gari huamini chombo kimepata nguvu. Springi huzuia bodi isilale tu. Shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, ni ileile, beringi ni zilezile, na mzigo umeongezeka. Kwa hiyo kabla ya kupakia, ijue ekseli uliyonayo.

Anzia katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu, yaani kitovu cha gurudumu, imechomoza kupitia tundu la rimu, na kichwani ina duara la bolti au nati zisizohusika na kufunga tairi, hiyo ni fulfloti. Habu imekaa juu ya beringi mbili, na beringi zimekaa juu ya hauzingi, lile ganda la chuma la ekseli. Hauzingi ndiyo inayobeba uzito. Shafti iliyo ndani yake (hafushafti) kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kufungua zile nati na kuichomoa shafti gari ikiwa imesimama kwa miguu yake minne. Land Rover 109 na Land Cruiser HZJ75 na HZJ79 ziko hivi.

Ukikuta uso bapa (flanji) wenye stadi, yaani bolti za kufungia tairi, peke yake, ni semifloti. Hapa shafti inazungusha na papo hapo inabeba uzito, ikining'inia kwenye beringi moja pembeni. Ikikatika karibu na flanji, gurudumu linatoka pamoja na kipande cha shafti. Hilux nyingi ni za aina hii. Si ekseli mbovu, lakini haivumilii rimu za kutokeza nje: tairi likisogea mbali na beringi, mkono unaoipinda shafti unakuwa mrefu zaidi, hata kama mzigo haukuongezeka kilo moja.

Sasa ingia chini ya gari. Angalia difu, yale makazi ya gia katikati ya ekseli, inafunguliwa upande gani. Difu ya Rover kwenye Land Rover hutolewa kwa mbele, na nyuma yake kuna bakuli lililochomelewa. Salisbury, iliyo imara zaidi, ina mfuniko wa bolti kwa nyuma. Ukiwa unanunua 109 kwa kazi ya mzigo, itafute hiyo ya mfuniko. Nissan wamerahisisha: difu ya H190A ina krauni (gia kubwa ya difu) ya milimita 190, H233B ina ya milimita 233. Kwa Toyota, soma kibao cha chasi kwenye chumba cha injini, mstari wa ekseli. Herufi ya kwanza ni ukubwa wa krauni. G, inayoonekana sana kwenye Hilux 4x4 za miaka ya 1980 na 1990, ni ya inchi 8. Tarakimu ya mwisho ikiwa 2, ndani mna gia ndogo mbili. Ikiwa 4, ziko nne, na hiyo ndiyo ya kuitafuta. Ila kibao kinasema gari ilivyotoka kiwandani. Difu huenda imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo pima.

Kupima rasio, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa krauni, hakuhitaji kufungua kitu. Weka vigingi magurudumu ya mbele, gia iwe nyutro, achia hendibreki. Piga jeki gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko 20, mwenzako ahesabu ya propela. Kwa kuwa tairi moja limesimama, krauni huzunguka nusu, yaani 10, kwa hiyo gawa hesabu ya propela kwa 10. Ikiwa 41, rasio ni 4.10. Ikiwa 43, ni 4.30. Arobaini na tano na nusu ni 4.556, yaani meno 41 kwa 9. Karibu 49 ni 4.875, yaani 39 kwa 8. Tairi likigoma kabisa wakati lile jingine liko chini, difu ina loki au imechomelewa.

Hii ya 4.875 inavuta vizuri mlima wa Mombo kwenda Lushoto, lakini pinioni yake, gia ndogo inayozungusha krauni, ina meno machache na ni nyembamba. Na kama gari ni 4x4, nyuma na mbele lazima zilingane. Fundi akifunga 4.556 nyuma akaacha 4.10 mbele, siku dereva atakapoingiza 4x4 kwenye lami, propela na gia za transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) zitapigana mpaka kimoja kivunjike.

Kwetu pwani kuna jambo la ziada. Maji ya chumvi kutoka kwenye samaki na mchanga wa ufukweni hula hauzingi pale springi zinapokaa, chini ya yuboti (bolti zenye umbo la U), mahali pasipoonekana. Sugua kwa brashi ya waya, kisha gonga kwa nyundo ndogo. Kagua pia kipumulio juu ya hauzingi. Kikiziba, hewa ya moto inasukuma oili kupita kwenye sili, na oili inaingia kwenye dramu ya breki. Ukivuka maji ekseli ikiwa moto, inapopoa inavuta maji ndani; oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyohiyo. Jaza oili ya gia ya 80W-90, daraja GL-5, gari ikiwa sawa, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Mwisho, chomoa shafti uangalie meno yake kwa urefu. Yakiwa yamenyooka, irudishe. Yakiwa yamejipinda hata kidogo, chuma kimeshazidiwa. Nunua nyingine, wala usikubali ichomelewe.