Kampuni ya Kwanza Kuuza Gemu ya Video

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi! Leo niko Mountain View, California. Wageni wengi huja mji huu kuiona Google. Mimi nimeifuata kampuni iliyofungwa mwaka 1976: Nutting Associates.

Najua ukitaja gemu za zamani, kila mtu atasema Atari. Atari ina heshima yake. Lakini gemu ya kwanza ya video kutengenezwa kiwandani na kuuzwa, ile ya kuingiza sarafu ndiyo ucheze, ilitoka hapa mwaka 1971, kabla Atari haijaandikishwa. Jina lake Computer Space: unaendesha roketi angani na kupigana na visahani vya adui vinavyoruka.

Mwenye kampuni, Bill Nutting, alikuwa akiuza Computer Quiz, mashine ya maswali ya chemsha bongo iliyowekwa kwenye baa. Humo ndani hamkuwa na kompyuta yoyote, maswali yalikuwa kwenye mkanda wa filamu. Ndipo wakaja wahandisi wawili waliokuwa Ampex, kampuni ya vifaa vya kurekodi, Nolan Bushnell na Ted Dabney. Walitaka kuwapa watu wa kawaida gemu kama Spacewar!, ya vyombo vya angani vinavyopigana, iliyotungwa chuo cha MIT mwaka 1962 kwenye PDP-1, kompyuta ya dola 120,000. Nani wa baa angeigusa?

Kwanza waliwaza kutumia kompyuta ndogo zaidi, bei ikawashinda. Wakaachana na kompyuta kabisa! Wakaunga saketi zao wenyewe na televisheni ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe. Hamna programu humo. Jamani, hapa ndipo ninapowavulia kofia: picha ya roketi imehifadhiwa kwa dayodi, vipande vidogo vya kielektroniki, zilizopangwa juu ya bodi kwa umbo lilelile la roketi. Ukifungua mashine, unaiona roketi kwa macho yako. Na kabati lake la faibaglasi limepinda kila upande, mpaka leo naona halijapata mpinzani kwa uzuri.

Zilitengenezwa takriban 1,500. Kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, mimi siwezi kuita hiyo aibu. Wanafunzi wa Stanford waliipenda. Mteja wa baa, bia mkononi, alikutana na vitufe vinne: geuka kushoto, geuka kulia, sukuma roketi, piga risasi. Na roketi haisimami ukiachia kitufe, inaendelea kuelea huku visahani viwili vinakuwinda. Wengi walikata tamaa.

Bushnell aliomba hisa ndani ya Nutting, hawakuelewana. Yeye na Dabney wakaondoka, Juni 1972 wakaandikisha Atari. Mhandisi wao kijana, Al Alcorn, akaunda gemu ya Pong: kitasa kimoja tu cha kuzungusha, mpira unaenda, mpira unarudi. Waliijaribu kwenye baa ya Andy Capp's, mji wa jirani wa Sunnyvale, na baada ya muda mashine ikagoma. Alcorn kwenda kuangalia, akakuta sarafu zimejaa mpaka zimemwagikia ndani.

Nutting walijaribu gemu nyingine, hawakuinuka tena. Na Dabney, aliyebuni saketi ya kusogeza vitu kwenye kioo, alitoka Atari mapema, mwaka 1973, na kwa miaka mingi masimulizi yakamruka. Alifariki 2018. Mkimtaja Bushnell, mtajeni na Dabney, tafadhali.

Video ijayo nashuka San Diego kuifuata kampuni ya Gremlin, waliotoa gemu ya Blockade mwaka 1976. Wale wa gemu ya nyoka kwenye Nokia, hiyo ni yenu!