Kuuelewa Mche kwa Kuukata

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunayajadili maumbo ya vipimo vitatu, na Mwalimu Hamisi amesisitiza tuanze na mche, si mchemraba ambao kila mtu anaujua. Kwa nini, Mwalimu?

HAMISI: Kwa sababu nyuso zote za mchemraba ni sawa, dada Zuhura, hivyo hauonyeshi kitako chake ni kipi. Mche ni umbo ambalo ukilikata popote kwa mkato ulio sambamba na kitako, unapata umbo bapa lile lile, lenye ukubwa ule ule. Kitako kikiwa pembetatu, kila mkato ni pembetatu. Kikiwa pembesita, kila mkato ni pembesita. Ujazo wake, kwa hiyo, ni eneo la kitako mara kimo, na mchemraba ni mmoja tu wa miche hiyo.

ZUHURA: Hapo kwenye kitako ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Mche wa pembetatu uliolazwa juu ya uso wake wa mstatili huonekana kana kwamba kitako chake ni huo mstatili.

HAMISI: Kitako si lazima kiwe upande ulio chini. Vitako ni nyuso mbili zilizo sambamba na sawa kabisa, ambazo nyuso za pembeni huziunganisha, na kimo ni umbali kati ya nyuso hizo mbili, hata pale macho yanapouona umbali huo kuwa urefu wa kulala. Eneo la kitako likiwa sentimita za mraba 12 na umbali huo ukiwa sentimita 10, ujazo ni sentimita za ujazo 120, mche uwe umesimama au umelala.

ZUHURA: Na kuhesabu nyuso, kingo na vipeo, yaani ncha ambapo kingo hukutana?

HAMISI: Mche wa pembesita una nyuso 8, kingo 18 na vipeo 12. Chukua vipeo, toa kingo, jumlisha nyuso: unapata 2. Mwanahisabati Leonhard Euler aliligundua hilo katika karne ya 18, nalo ni kweli kwa piramidi pia. Ni njia nzuri ya kujikagua, ila haikuambii lolote kuhusu ukubwa wa umbo.

ZUHURA: Basi turudi kwenye ukubwa. Vipi kuhusu mche ulioinama, ambao kingo zake za pembeni hazifanyi pembe mraba na kitako?

HAMISI: Fikiria rita ya karatasi, yaani bunda zima, iliyopangwa vizuri, kisha uisukume kwa ubavu hadi iiname. Hakuna karatasi iliyoongezeka wala kupungua, na kimo hakijabadilika, kwa hiyo ujazo ni ule ule. Mwanahisabati Bonaventura Cavalieri aliieleza kanuni hii kwa jumla mwaka 1635: maumbo mawili yenye kimo sawa, ambayo mikato yao katika kila kimo ina maeneo sawa, yana ujazo sawa. Lakini angalia eneo la nyuso za pembeni. Mistatili imegeuka kuwa misambamba na jumla ya maeneo yake imeongezeka. Ujazo na eneo la nyuso haviendi pamoja, ingawa vitabu huviweka katika sura moja kana kwamba ni ndugu.

ZUHURA: Tuje kwenye piramidi. Tunaambiwa ujazo wake ni theluthi ya ujazo wa mche wenye kitako na kimo kile kile, kisha tunaonyeshwa jaribio la kumimina maji mara tatu. Jaribio hilo halijawahi kuniridhisha.

HAMISI: Wala mimi, kwa kuwa linaonyesha kwamba ni theluthi bila kueleza sababu. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 6 na uchague kipeo kimoja. Nyuso tatu hazikigusi kipeo hicho. Unganisha kila mojawapo ya nyuso hizo na kipeo chako, nawe utapata piramidi tatu zinazofanana kabisa na kuujaza mchemraba wote. Ujazo wa mchemraba ni 216, basi kila piramidi ina sentimita za ujazo 72.

ZUHURA: Hiyo ni piramidi maalumu, Mwalimu. Nyingine je?

HAMISI: Mche wowote wa pembetatu hukatwa kuwa piramidi tatu zenye ujazo sawa, ingawa kwa kawaida hazifanani kwa umbo, na hapo ndipo penye ugumu. Ili kuthibitisha kwamba piramidi mbili zenye vitako sawa na vimo sawa zina ujazo sawa, tunalazimika kutumia mikato isiyo na idadi, kwa njia kama ya Cavalieri. Mwaka 1900 mwanahisabati David Hilbert aliuliza kama ingewezekana kila mara kuikata piramidi moja vipande vyenye idadi yenye kikomo na kuvipanga upya viwe piramidi nyingine. Max Dehn, aliyekuwa mwanafunzi wake, alithibitisha kwamba si kila mara inawezekana.

ZUHURA: Je, mikato hiyo inaweza kutufikisha kwenye tufe, umbo la mpira, ambalo halina kitako wala kingo?

HAMISI: Inaweza. Weka nusutufe kando ya silinda yenye nusukipenyo kile kile na kimo kilicho sawa na nusukipenyo hicho, kisha uchonge ndani ya silinda koni iliyopinduliwa, ncha yake ikiwa katikati ya kitako cha chini. Katika kila kimo, eneo la mkato wa nusutufe ni sawa na eneo la pete inayobaki kwenye silinda baada ya koni kuondolewa.

ZUHURA: Na kwa kuwa koni ni theluthi ya silinda, nusutufe ni theluthi mbili.

HAMISI: Naam. Archimedes aliufikia uwiano huo huo kati ya tufe na silinda inayolizunguka zaidi ya miaka 1,800 kabla ya Cavalieri, kwa njia yake mwenyewe.