Shamba la Anathothi

Ndugu zangu katika Kristo, tukiulizwa imani ni nini, wengi wetu tunakimbilia Waebrania 11:1: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Sawa kabisa. Ila mstari tuliokariri tangu utotoni ni rahisi kuutamka tu. Basi fungueni Yeremia 32, tumwone mtu akinunua shamba.

Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeremia yuko kifungoni, kosa lake ni kutabiri kwamba mji utatekwa. Anamjia binamu yake Hanameli: nunua shamba langu la Anathothi, kijiji cha kwao. (Mimi nahisi Hanameli alikuwa na shida ya pesa, ingawa Biblia haisemi.) Shamba gani hilo, ambalo mnunuzi hawezi hata kulikanyaga!

Tazameni anavyolinunua. Anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, mashahidi nao wanatia sahihi. Kisha anamwagiza Baruku, karani wake, aziweke hati zote mbili, ile yenye muhuri na ile iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Mungu amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, naye Yeremia anafuata taratibu zote za sheria kama mtu atakayelima kesho.

Yeremia hakujidanganya. Alijua mji utaanguka, alilisema hilo mpaka akafungwa. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa akane ugonjwa wake ili aonekane ana imani, simwelewi kajifunza wapi.

Na akishalipa ndipo anapoomba, na maombi yake yanaishia kwa mshangao: Bwana, umeniambia ninunue, na mji ndio huo umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli! Mungu hamkemei kwa kuuliza. Anamjibu kwa swali: je, kuna neno gumu lolote nisiloliweza?

Mwaka uliofuata ukuta ulibomolewa. Yeremia baadaye akachukuliwa Misri, na hatusomi popote kwamba alilima shamba lile. Lakini Ezra 2 ina orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni, nayo mstari wa 23 unasema: watu wa Anathothi, 128.