Flopi inagoma kusomeka? Usiifomati! (maongezi niliyotoa Tanga)

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari zenu. Naona kwenye flopi mlizoleta, hizi diski za plastiki za zamani za kuhifadhia faili, kuna mahesabu ya ushirika, mitihani ya shule, kuna dada ana mashairi ya marehemu baba yake, kwaiyo naanza na jambo moja mkilishika hilo tu nimeridhika: laptopu ikikwambia diski haijafomatiwa, je unataka kuifomati, yani kuiandaa upya kama diski tupu, jibu ni HAPANA. Hata aje fundi gani.

Yani hilo tangazo linawadanganya watu. Flopi ya inchi tatu na nusu, hizi za MB 1.44, ina sekta 2,880, yani vipande vidogo vya kuhifadhia, kila kimoja baiti 512. Sekta ya kwanza kabisa ndo inaiambia laptopu hii ni diski ya aina gani, alafu zinafuata nakala 2 za jedwali la faili, kila moja sekta 9, alafu orodha ya majina sekta 14. Jumla 33, na zote zimekaa palepale mwanzoni, kwenye treki, yani duara, ya nje kabisa. Sasa pakichafuka hapo, laptopu inaona diski tupu wakati barua zako zote zipo huko ndani hazijaguswa, ni kitabu kilichochanika ukurasa wa yaliyomo tu. Ukifomati ndo unaanza kufuta kweli.

Haya, kabla hujaichomeka. Sogeza kile kilango cha bati kwa kidole, izungushe diski taratibu kwa kile chuma cha katikati, angalia kwenye mwanga pande zote mbili. Sisi tuko pwani jamani, joto na unyevu wa bahari, ukungu unaota humo ndani, utaona madoa meupe au ya kijivu. Ukiyaona USIICHOMEKE. Hedi, kile kichwa cha kusomea kilichomo kwenye draivu (mashine unayochomeka flopi), inagusa diski yenyewe, na diski inazunguka mara 300 kwa dakika, kwaiyo uchafu unaganda kwenye hedi, unakwaruza hiyo diski alafu unakwenda kuharibu na ya jirani yako aliyekuja baada yako. Safisha kwanza kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili, ile ya asilimia 90 kwenda juu, sio ile ya bluu ya kuwashia jiko, gusa kidogo kidogo, iache ikauke kabisa. Ukiona rangi ya kahawia inatoka kwenye pamba acha hapohapo, hiyo rangi ndo data.

Hedi nayo isafishwe hivyohivyo, ila ile ya juu usiinyanyue, inapinda upesi.

Kingine watu hawakijui, draivu hazifanani. Flopi iliyoandikwa na draivu ambayo hedi yake imekaa pembeni kidogo inaweza kusomeka kwenye draivu hiyohiyo tu, kwingine kote inaleta erro. Kwaiyo azima draivu za USB mbili tatu, na kama kompyuta ile ya zamani ya ofisini bado ipo stoo, itafuteni. Na flopi za Macintosh za KB 800 hazisomeki kwenye hizi draivu zetu hata zikiwa nzima kabisa, maana zile draivu zao zilikuwa zinabadilisha kasi ya kuzunguka, kwaiyo hiyo sio ugonjwa wa diski, ni mashine tu siyo.

Ikianza kusomeka usifungue faili mojamoja! Sogeza kile kijilango cha kuzuia kuandika mpaka kitundu kiwe wazi, alafu kopi diski nzima kwa mkupuo. Mimi natumia kompyuta ya Linux na ddrescue, programu ya kuokoa data, unaandika ddrescue -d -r3 /dev/sdb flopi.img flopi.map, ila hakikisha kwanza kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, kwamba sdb ndo flopi kweli. Inachukua yaliyo mazima kwanza, ndo inarudi kwenye sekta sugu mara tatu, na ile flopi.map inakumbuka ilipofika, kwaiyo unaweza kubadili draivu ukaendelea, sekta iliyogoma huku ikakubali kule. Ukisikia mkwaruzo, toa flopi usafishe tena.

Hiyo flopi.img, ndo kopi ya diski nzima, weka sehemu mbili tofauti, fanyia kazi nakala. Barua zilizoandikwa kwa programu za zamani za WordPerfect na Works, programu ya LibreOffice nyingi inazifungua. Haya, dada wa mashairi lete hiyo ya kwako tuiangalie ndani kwanza.