Mke, Bima na Mauaji Yasiyoonekana

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Filamu ya leo, Double Indemnity ya mwaka 1944, haitawasumbua na swali la nani kaua. Haijachukua muda tangu ianze, wakala wa bima aitwaye Walter Neff anaingia ofisini usiku, Los Angeles, ana jeraha la risasi, anaketi mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri kila kitu. Kwa hiyo siwaharibii uhondo nikisema kwamba Phyllis Dietrichson anamvuta Neff, wanamkatia mumewe bima ya ajali bila mwenyewe kujua, kisha wanamuua. Tamaa yao iko kwenye kipengele kimoja cha mkataba: ajali za aina fulani adimu, kama ya treni, hulipwa mara mbili, na hapo ndipo lilipotoka jina la filamu.

Mzizi wa kisa hiki ni kweli. Mwaka 1927, Queens, New York, Ruth Snyder na hawara yake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, Albert, ambaye bima yake ilikuwa na kipengele hichohicho. Januari 1928 wote wawili waliuawa kwenye kiti cha umeme. Mpiga picha wa Daily News alijifunga kamera mguuni, akaipata picha ya Ruth kitini, na gazeti likaitoa ukurasa wa mbele. James M. Cain, aliyekuwa mwanahabari New York siku hizo, baadaye akatunga hadithi yake, ikachapishwa kwa mfululizo katika jarida la Liberty mwaka 1936.

Studio za Hollywood ziliitolea macho hadithi hiyo, lakini Joseph Breen, msimamizi wa kanuni za maadili ya filamu, akaandika barua ya kuikataa. Zikanywea zote. Ilibidi kungoja hadi 1943 ndipo Paramount ikaichukua, chini ya mwongozaji Billy Wilder, mkimbizi aliyewatoroka Wanazi. Mwandishi mwenzake wa siku zote, Charles Brackett, akakataa kuigusa. Akaletwa Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwahi kuandika skripti hata moja. Hawa wawili hawakuiva chungu kimoja. Chandler aliwasilisha malalamiko kwa maandishi: Wilder asimpungie fimbo puani, wala asimtume kufungua dirisha na kufunga mlango. Mimi nasema ugomvi ule uliifaa filamu; mazungumzo ya Neff na Phyllis yana makali ya watu wanaochomana kwa adabu.

Waigizaji nao walisita. Barbara Stanwyck aliogopa kucheza Phyllis, muuaji asiye na huruma, mpaka Wilder akamuuliza kama yeye ni panya au mwigizaji. Fred MacMurray, anayecheza Neff, alizoeleka kwenye vichekesho. Kisha lile wigi la rangi ya dhahabu alilovaa Stanwyck! Mkuu mmoja wa studio alisema wamemwajiri Stanwyck, kumbe wameletewa George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani mwenye nywele kama wigi. Waache wacheke, mimi naliona limekaa mahali pake: mwanamke huyu hana kitu cha kweli, kuanzia kichwani.

Sasa naomba mkae macho kwenye mauaji yenyewe. Kanuni hazikuruhusu kuonyesha kwa kina namna mtu anavyouawa. Neff amejificha nyuma ya kiti cha gari, Phyllis anaendesha, mume yuko pembeni yake. Phyllis anapiga honi mara tatu. Kamera haimtazami mume, haimtazami Neff. Inabaki usoni kwa Phyllis. Mikono ya Neff ingeonyeshwa, tungepata mauaji ya kawaida tu. Uso ule ndio unaotuambia mume yule alimwoa nani.

Na si wakaguzi pekee waliokata. Wilder alijenga chumba cha kunyongea kwa gesi, akapiga tukio zima la Neff kuuawa humo kwa hukumu, kazi iliyogharimu pesa nyingi, kisha mwenyewe akaliondoa. Aliona kwamba baina ya Neff na Keyes, msimamizi wa madai katika kampuni yao ya bima, anayechezwa na Edward G. Robinson, mambo yalikwishamalizika kabla. Kwa nini, mtaona.

Iliteuliwa kwa tuzo 7 za Oscar, ikaondoka mikono mitupu. Ina dakika 107. Maswali nitayapokea ikiisha. Sasa anayekaa karibu na swichi atuzimie taa.