Namba Sahihi, Glasi Bandia: Kupinda kwa Mwanga katika Programu za Kurenda

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wasanifu majengo na wanafunzi wa uhuishaji

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa mwaliko huu. Nitazungumzia jambo moja: kwa nini glasi na maji tunayoyaunda kwenye kompyuta kwa programu za kurenda, yaani zinazogeuza maumbo kuwa picha, huonekana bandia hata pale ambapo tumeingiza namba sahihi kabisa.

Namba yenyewe, yaani kipimo cha kupinda kwa mwanga, haina siri. Hewa ni 1 na chembe kidogo, barafu 1.31, maji 1.33, kioo cha dirisha karibu 1.52, na almasi 2.42. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mwanga unavyopunguza mwendo ndani ya kitu hicho, na ndivyo mwale unaoingia kwa mshazari unavyozidi kupinda. Mvuvi wa Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, anayechungulia majini kutoka mtumbwini huona matokeo yake kila siku, kwani samaki aliye kina cha mita 1 wima chini yake huonekana kana kwamba yuko sentimita 75 tu. Mwanahisabati Ibn Sahl aliieleza kanuni hii huko Baghdad mnamo 984, zaidi ya miaka 600 kabla ya Mholanzi Willebrord Snell, ambaye ndiye vitabu vyetu vinampa sifa zote. Mwaka 1980 mwanasayansi wa kompyuta Turner Whitted alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuufuata mwale unaozaa miale mingine kila unapogonga uso wa kitu.

Hapo kwenye uso ndipo pana shida yetu. Programu haijui kwamba hiki ni glasi na yale ni maji. Inachokijua ni kwamba mwale umefika kwenye uso, kwamba upande huu una namba fulani na upande wa pili una nyingine, na uwiano wa namba hizo ndio unaoamua mwale uelekee wapi. Ukiipa uso usiofaa, namba sahihi haitakuokoa.

Itazameni bilauri hii ya maji iliyo mezani. Kwa nje hewa inakutana na glasi, juu maji yanakutana na hewa, na ndani glasi inakutana na maji. Mpaka huo wa ndani ni hafifu mno: ukigawa 1.33 kwa 1.52 unapata 0.88 hivi, na mwanga unaoupiga wima huakisiwa kwa chini ya asilimia 1, ilhali glasi inapokutana na hewa huakisi zaidi ya asilimia 4. Ndiyo maana ukuta wa ndani wa bilauri karibu unatoweka pale maji yalipofika, na juu ya maji unaonekana tena waziwazi. Wengi wetu huunda maji kama umbo la peke yake, kisha huliacha lipungue kidogo ili lisigusane na glasi. Ule mwanya mwembamba ni hewa, na mwale ulio ndani ya glasi ukiufikia kwa pembe inayozidi nyuzi 41 hauwezi kutoka. Hurudi wote, na maji yakazungukwa na utando unaong'aa kama zebaki. Dawa ni kuyaingiza maji kidogo ndani ya ukuta wa glasi, ikiwa programu yako inakuruhusu kupanga kitu kipi kitangulie kingine. Kama hairuhusu, utenge ule uso wa kati na uupe uwiano wake wenyewe.

Wasanifu majengo, kosa lenu ni la dirisha. Kioo cha bapa moja lisilo na unene huuingiza mwale usipate pa kutokea, na programu hukihesabu chumba kizima kama kwamba kimejaa glasi. Kipeni unene wa milimita kadhaa, au mchague mpangilio wa ukuta mwembamba. Hakikisheni pia kwamba nyuso zote zinaelekea nje, kwa kuwa uso uliogeuzwa huufanya mwale unaoingia uhesabiwe kuwa unatoka.

Madoa meusi yanayotokea kwenye picha za glasi yana sababu nyingine. Kuipenya chupa tupu ni kuvuka nyuso 4, chupa mbili zilizofuatana ni 8, na mwale ukimaliza idadi ya nyuso uliyoiruhusu kabla haujatoka, pikseli yake, yaani nukta ya picha, hubaki nyeusi. Kikomo cha 12 ambacho programu ya Blender huanza nacho kinatosha meza ya kawaida, wala si meza ya baa.

Kuhusu rangi, msiipake juu ya uso. Ukikiangalia kioo cha dirisha kwa ukingoni ni kijani, ilhali ukikitazama moja kwa moja hakina rangi, kwa sababu mwanga humezwa kulingana na umbali unaosafiri ndani yake. Tumieni mpangilio wa ufyonzaji, yaani unaoumeza mwanga kwa kadiri ya umbali huo, na muunde kila kitu kwa ukubwa wake halisi, maana chupa iliyoundwa mara 10 ya kimo chake itatoka na giza ambalo hakuna taa mtakayoongeza italiondoa.