Simu ya Mama Mkubwa na Theluji ya Novemba

NEEMA: Karibuni tena, ni sisi wa Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Leo tuna mambo matatu ya kuwaachia kuhusu maporomoko ya theluji, kabla msimu wa skii, wa kuteleza kwenye theluji, haujakolea. Lakini kaka Juma, anza na Jumamosi.

JUMA: Jumamosi tulikuwa Berthoud Pass, njia ya milimani, zaidi ya mita 3,400, nje kabisa ya maeneo ya skii yenye lifti. Huko hakuna wa kukufungia njia kukiwa na hatari. Tunapanda, mara chini ya miguu, vuum! Theluji yote ikashuka kidogo, ufa ukakimbia mbele ya skii zangu.

NEEMA: Moyo ulinilipuka.

JUMA: Nikachimba. Theluji haikufika hata magotini. Juu pagumu, upepo umepashindilia. Chini kabisa nikachota kiganjani: punje kubwa, zinang'aa, hazishikani, zinachuruzika vidoleni kama chumvi ya mawe.

NEEMA: Ndiyo theluji ya Oktoba hiyo. Miteremko inayotazama kusini, jua linaimaliza. Inayotazama kaskazini, inabaki. Ardhi ina joto kuliko hewa, theluji nyembamba, basi mvuke unapanda ndani yake na kuzigeuza punje. Theluji ya dhoruba ya Novemba inakuja kulala juu ya kitu kisichoshikana, tabaka dhaifu.

JUMA: Na huko kaskazini ndiko penye theluji ya kuteleza, kwa hiyo ndiko kila mtu anakoelekea. Sasa wakati nachimba, simu ya Neema ikaita.

NEEMA: Mama mkubwa, kutoka Tanga. Video!

JUMA: "Mwanangu, nionyeshe hiyo barafu."

NEEMA: Ningekataaje?

JUMA: Simu ilikuwa kifuani, imegusana na kifaa cha kutafutana, kile tunachovaa ili aliyefukiwa na theluji apatikane! Kile kinatuma mawimbi ya kilohezi 457, na simu inakivuruga. Kikiwa kinatuma, iwe mbali sentimita 20. Ukiwa unamtafuta mtu, 50.

NEEMA: Ndiyo maana nilimpokea nikiwa nimenyoosha mkono. Na mama mkubwa akauliza swali zito: "Mkifukiwa, nani atawafukua?"

JUMA: Nikamwambia, shikamoo mama, ni mimi na huyu mwanao. Waokoaji hadi wafike, muda umekwisha. Dakika 10 za mwanzo ndizo zenye matumaini, baada ya hapo nafasi ya kupona inashuka haraka mno.

NEEMA: Akasema, "Basi kila mtu abebe beleshi lake." Hajawahi kukanyaga theluji, na amelijua hilo!

JUMA: Akataka kuliona. Kisha fimbo ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa. Akataka tuikunjue.

NEEMA: Tukaikunjua. Akamwita mjomba.

JUMA: Mjomba akauliza bei! Upepo unatuchapa, mjomba anauliza bei.

NEEMA: Lakini tulisimama pazuri. Nilipima mteremko: digrii 25. Mabamba ya theluji mengi hukatika kati ya 30 na 45.

JUMA: Hapo sikubaliani nawe, dada. Sisi tulikuwa kwenye 25, juu yetu kuna 38. Tabaka dhaifu likivunjika huku chini, ufa unaweza kusafiri hadi kule na kutuangushia mlima.

NEEMA: Tulikuwa pembeni, kwenye miti.

JUMA: Miti ya kuhesabu. Ile vuum ni mlima wenyewe ulishasema kwa mdomo wake, ilitakiwa turudi garini.

NEEMA: Tukirudi garini kila theluji ikilia vuum, Novemba yote tutakaa ndani. Chagua mteremko wa taratibu, kaa mbali na mkali, endelea.

JUMA: Basi tukae ndani! Msimu wa 2020–21 watu 37 walikufa kwa maporomoko Marekani, 12 kati yao hapa hapa Colorado. Taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado cha habari za maporomoko, inatoka kila siku, ni bure.

NEEMA: Tuliisoma sote wawili asubuhi ile.

JUMA: Na kila mtu akaelewa lake. Sikubali, Neema.

NEEMA: Nami sikubali. Muda umetuishia, na yale mambo matatu...

JUMA: Hata moja hatujaligusa! Na lile la mawe na visiki ni la sasa hivi: theluji ikiwa nyembamba, poromoko dogo tu linakuburuza juu yake.

NEEMA: Wiki ijayo tunaanzia hapo. Kwaherini.